Kwenda Malaba Kumuuliza Wandera Kama Yu Hai

Safari hii ilianzia kwenye karai la vyombo. Mimi na Perpetua tulikuwa walimu katika shule moja ya wasichana karibu na Kakamega, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, na tulikaa nyumba moja. Yeye alifundisha dini, mimi sayansi. Kila jioni yeye aliosha vyombo, mimi nikapangusa, na kila jioni tulibishana jambo lile lile: kipi ni msingi wa mwenzake, kitu au akili inayokijua kitu. Mimi nilisema kitu. Nimelelewa Mombasa, na katika chuo cha Kurani nilisomeshwa kwamba Adamu alifinyangwa kwa udongo kwanza, roho akapuliziwa baadaye. Nilipokutana na vitabu vya sayansi nikaona angalau kuhusu udongo wanakubaliana. Perpetua alinisubiri nimalize, kisha akauliza, "Na huo udongo, kabla haujawa udongo, ulikuwa wapi kama si kwenye mawazo ya Mungu?" Nikimwambia kwamba sahani aliyoshika ipo hata tukifumba macho, alifumba macho kweli na kuiachia. Tulipoteza sahani nyingi kwa ajili ya falsafa.

Perpetua alipojifungua mtoto wa kiume alikwenda kwa wakwe zake Butula, na haukupita muda akaniletea ujumbe. Mtoto analia mchana kutwa. Dawa ya tumbo imeshindwa. Mama mkwe amesema mtoto analilia jina, na jina atatafutiwa wiki hii. Mwisho akaongeza: njoo uone mwenyewe roho ikichagua mwili, halafu utanipa habari za udongo wako. Shule zilikuwa zinafungwa. Nilitia leso mbili na kipande cha sabuni kwenye mkoba, nikapanda basi.

Barabara ya Mumias ilikuwa na vumbi jekundu la kutosha kunigeuza rangi. Baada ya daraja la Nzoia nchi ilitulia, mihogo imeanikwa kando ya njia, pamba imefunguka mashambani. Nilishuka Butula na kuuliza nyumba ya Ojiambo, mume wa Perpetua, lakini sikuhitaji kuelekezwa. Kilio cha yule mtoto kilisikika tangu njiani.

Nyumbani nilipokewa na mama yake Ojiambo, ambaye wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alinisalimu "Mulembe" akaushika mkono wangu muda mrefu, kisha akaniuliza kama kwetu Mombasa watoto wanalia pia. Nikasema wanalia. Alionekana kufarijika. Binti yake mkubwa, Nafula, alikuwa mwanamke mnene wa maneno mengi, na ndiye aliyenieleza mambo yatakavyokwenda. Mimi nikimwita Dada, yeye akiniita Mwalimu.

"Mama ndio anashika mtoto, mimi shangazi naita majina," alisema. "Tunaita wale walikufa. Mwenye anataka kurudi, mtoto akisikia jina yake, ananyamaza. Hapo tunajua nani amekuja."

"Na kama ananyamaza kwa sababu amechoka?"

"Huyu? Mwalimu, huyu hajui kuchoka ni nini."

Alasiri ilipofika tuliingia ndani. Nilikaa karibu na mlango, nimejiandaa kutoamini, na Perpetua alikaa mbele yangu akinitazama kwa tabasamu la mtu anayengoja kulipiza sahani zote. Kukhu alimpakata mtoto. Nafula akaanza na wakubwa. Akamwita babu Makokha, mtoto akalia. Akamwita Barasa, ndugu yake Makokha, mtoto akalia zaidi. Majina yaliendelea mpaka sauti ikaanza kumkauka Nafula, akashuka kwa ndugu zake mwenyewe waliokufa wadogo. "Ouma," aliita. "Oduori. Wandera."

Mtoto alinyamaza. Alipiga kwikwi moja, akafumba macho, akalala.

Mimi, mgeni nisiyejua lolote, nilifurahi kwa niaba yao hata nikafungua kinywa nipige vigelegele. Perpetua alinidaka mkono. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyefurahi. Nafula alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Wandera hakuwa amekufa. Wandera alikuwa ndugu yao wa mwisho, aliyeondoka nyumbani bendera ya Mwingereza ingali juu, akaenda kutengeneza magari upande wa Malaba, na tangu hapo hawakupata neno lake. Ila utotoni Nafula ndiye aliyekuwa akiwaita wale wadogo watatu kula, na siku zote aliwaita kwa mfuatano ule ule, Ouma, Oduori, Wandera, kwa hiyo ulimi uliposhika njia uliyoizoea uliifuata hadi mwisho. Akamtaja aliye hai, na mtoto akaitika. Na kwa hesabu yao anayeitikiwa na mtoto ni mfu.

Kukhu alimrudishia Perpetua mtoto polepole, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye udongo. Wanawake nje walikuwa wameshasikia ule ukimya na mmoja alianza kuvuta pumzi ya kilio. Kukhu akasema bila kuinua sauti, "Mtu asilie. Kulilia mtu yuko hai ni kumfukuza dunia." Kisha akamwambia Nafula, "Wewe ndio umemwita. Enda umtafute. Kama amekufa, uniletee habari. Na huyu mgeni mwende naye. Anajua Kiswahili ya madereva, na yeye hana machozi ya hii nyumba."

Ubishi wote uliniisha pale pale. Kama mimi nilikuwa sahihi, mtoto alipata usingizi tu, na Wandera yuko mahali fulani anakula. Kama wao walikuwa sahihi, yule mama alikuwa amefiwa tena na mtoto, na kilio kilikuwa kinangoja turudi. Sijapata kutamani kushinda ubishi kwa moyo wangu wote kama siku ile.

Kesho yake alfajiri tuliondoka, Ojiambo akabaki kuwazuia majirani wasije na kuni za matanga. Basi lilitufikisha Busia soko limeanza kuchangamka. Wafanyabiashara wa Uganda walikuwa wakishusha mikungu ya matoke, wanasalimiana Kiganda kwa upole usiolingana na kelele za pale. Nilimuuliza mmoja wao, mama wa makamo, kama anamjua Wandera fundi wa magari.

"Nnyabo," yaani bibi, akanijibu, "ita Wandera hapa sokoni, nusu ya wanaume watageuka."

Nafula hakungoja. Aliita. Waligeuka wanaume wengi kweli, mmoja na mzigo kichwani, na Nafula akawakagua nyuso mmoja mmoja kama anayechagua nyanya, akawaruhusu waendelee na safari zao. Yule mama alicheka mpaka akakaa juu ya ndizi. Akatuambia mafundi wa malori wote wako Malaba, na hapa tunapoteza muda.

Kutoka Busia tulipata lori la pamba. Dereva alitupandisha juu ya magunia, na kwa kuwa magunia ya pamba ni laini nilikiri moyoni kwamba sijawahi kusafiri vizuri hivyo. Nafula alinyamaza kwa maili nzima, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Baadaye akauliza, "Perpetua anasema wewe unaamini mtu ni nyama tu. Ni kweli?"

"Nyama inayofikiri, Dada."

"Nyama ya kwetu haifikiri. Tunaila."

Nikamweleza kwamba ubongo ni kitu, na fikira hutoka humo, ukiugonga zinavurugika. Kwa hiyo mtoto yule hakumjua Wandera wala mwingine, tumbo lake lilikuwa na gesi, gesi ikaisha, akalala.

Alinitazama kwa huruma. "Na hiyo gesi ilikuwa inangoja nitaje Wandera ndio itoke?"

Nikasema ni bahati tu. Nafula akatazama mashamba. "Basi omba ikuwe bahati," akasema. "Mimi naomba pia. Kwa sababu mimi ndio nilimtaja." Nikamshika bega, tukaenda hivyo hadi Amukura.

Pale Amukura injini ilichemka na dereva akasema tutapumzika. Mwanamke mmoja wa Kiteso, Mama Amoit, alitukaribisha uani kwake, ambako wazee walikuwa wameuzunguka mtungi wa ajon, pombe yao ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Dereva alipewa mrija bila kuulizwa jina. Mimi nikasema dini yangu hairuhusu, na Mama Amoit hakuona tatizo, akaniletea chai na karanga za kukaanga. Nafula alimsimulia yaliyotupata. Simulizi yake ilikuwa imeshakua njiani, sasa mtoto alikuwa pia ametabasamu.

Mama Amoit alisikiliza, akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mlimpa nini alambe?"

"Hatukumpa kitu," Nafula akasema. "Tuliita tu."

"Sasa hapo ndio mliharibu. Sisi nyanya anachovya kidole kwa ajon, anaweka kwa mdomo ya mtoto, anataja jina. Mtoto akinyonya, jina imeingia. Akitema, tunajaribu ingine. Jina haiwezi kuingia kavu kavu."

Nilimuuliza, kwa kuwa mwalimu hawezi kujizuia, kama kinachoingia ni jina au ni pombe.

"Mama, wewe ukikunywa chai yangu, unakunywa chai ama unakunywa sukari?" Akanijazia kikombe, akageuka kumkemea mzee aliyekuwa amehamisha mrija wa jirani. Nilikunywa ile chai nikiwaza kwamba ubishi wangu na Perpetua ulikuwa umepata mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuona kuna ubishi.

Malaba tuliingia jua limeanza kupoa. Malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu yakingoja kuvuka, madereva wamekaa kwenye vivuli vya magari yao, mataniboi, wasaidizi wao, wanafua mashati kwenye ndoo. Tuliuliza kwa dereva baada ya dereva. Kijana mmoja mwenye tai, aliyejitambulisha kuwa wakala wa kuvusha mizigo, alisema, "Boss wa gia, Wandera? Alikuwa hapa. Lakini sijamwona siku mingi." Akakuna kichwa. "Kulikuwa na fundi aliangukiwa na gari upande ya Tororo. Sijui kama ni yeye."

Nafula alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Tuliendelea kuufuata ule mstari wa malori kwa sababu hatukujua la kufanya jingine, mimi nikipanga kichwani maneno ya kumwambia Kukhu na kuyakataa yote.

Karibu na mwisho wa mstari, chini ya lori la chumvi, miguu miwili ya mwanamume ilikuwa imetokeza, imenyooka, peku, haitikisiki. Nafula alisimama. Kidole gumba cha kila mguu kilikuwa kimepinda kuelekea kwa wenzake. "Hiyo ni miguu ya baba," akasema. "Hiyo ni Wandera." Na hapo, mbele ya Malaba nzima, mwanamke yule aliyekatazwa kulia aliachia kilio ambacho nadhani kilisikika Uganda.

Ile miguu iliruka. Kikasikika kishindo cha kichwa kugonga chuma, kisha tusi, kisha akatambaa nje mwanamume mweusi kwa grisi, ameshika paji la uso. Alikuwa amesinzia baada ya kufunga gia. "Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," Nafula akamwambia, akamrukia.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gurudumu. Nilikuwa nimeshinda, na kwa mara ya kwanza sikumkumbuka Perpetua, nilifurahi tu kwamba yule mtu ana miguu na anaitumia. Fundi aliyeangukiwa na gari hakuwa yeye, alikuwa mtu wa Tororo mwenyewe, na alivunjika mkono tu. Nafula alipomaliza kumkumbatia alianza kumpiga, kwa nini hakuleta neno nyumbani. Wandera akashangaa kweli kweli. Alisema kila dereva anayeelekea Butula amempa salamu ampelekee mama. Hakuna aliyekataa. "Hazikufika?" akauliza. "Hata moja?" Akawageukia madereva waliotuzunguka, na nikaona baadhi yao wanapata kazi za ghafla kwenye matairi.

Lakini tulipomweleza habari ya mtoto, furaha ilimtoka usoni. Alitia kidole shingoni kutafuta mapigo. Akajibana mkono. "Jina imechukuliwa," akasema, "na mimi bado naitumia. Sasa nikienda nyumbani tutakuwa wawili na roho moja. Mmoja ataachia." Akasema hatakwenda. Tumpelekee mama salamu.

"Salamu tena?" Nafula akamwuliza.

Nikaona ni zamu yangu. Nikamwambia kuhusu gesi ya tumbo, kwa ustadi wote wa ualimu wangu. Mwili ndio msingi, na wa kwake ni mzima, nimeuona ukiruka. Nafula naye akamwuliza kwa matumaini alikuwa akifanya nini alasiri ile mtoto aliponyamaza, kama alihisi chochote, baridi, au kuitwa. Wandera alifikiri kwa bidii. "Nilikuwa nakula," akasema. "Ugali na omena." Nafula alisikitika waziwazi. Mimi nikasema hiyo ndiyo inayothibitisha, mtu ambaye roho imemtoka hawezi kumaliza sahani ya dagaa. Madereva walikubali wote kwamba hapo mwalimu amesema. Hata hivyo Wandera hakuinuka.

Kilichomwinua hakikuwa sayansi yangu. Nafula alijifunga leso upya, akasema kwa sauti ndogo, "Mama amevua kitambaa. Amekaa chini tangu jana." Wandera akaenda kunawa grisi kwa mafuta ya taa, akarudi ananuka kama kandili, akamwomba mwenye lori la chumvi atupitishe hadi Busia.

Butula tulifika siku iliyofuata, jua likiwa bado kichwani. Ojiambo alituona kwanza, akasimama na jembe mkononi. Kukhu alikuwa pale pale chini, na chakula alichowekewa kilikuwa kimefunikwa kando yake. Wandera alisimama mbali kidogo, akiogopa kukisogelea kile kitoto kilichokuwa kikilia mgongoni kwa Perpetua. Kukhu aliinuka. Hakumwita. Alimshika kichwa kwa ile mikono mikubwa, akapapasa uvimbe wa paji la uso, akashuka mabegani, kwenye viwiko, akamshika vidole kimoja kimoja, akamnusa shingoni. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Halafu akakaa, akavuta ile sahani iliyofunikwa, akampa Wandera nusu, akala nusu.

Sote tulingoja mtoto anyamaze kwa kumwona mwenye jina. Ningesema uongo nikidai kwamba mimi sikungoja. Wandera alimpokea amemshika mbali na kifua, na mtoto akamlilia usoni, akamkojolea. Wandera alicheka, hofu ikamtoka. Nafula ndiye aliyetoa hukumu, akiwa na furaha ya mtu aliyesamehewa. "Tuliita jina ili mwenyewe akuje," akasema. "Si amekuja? Ama tulisema akuje akiwa amekufa?" Wazee wa ukoo walilijadili kwa siku nzima na wakashindwa kupata kosa ndani yake. Mtoto akawa Wandera. Perpetua aliniambia huo ni ushahidi wake, mimi nikamwambia ni wangu, na vyombo vya siku ile viliharibika kidogo.

Asubuhi ya kuondoka kwangu Kukhu alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenibebea mfuko wa karanga. Nilimwuliza kama siku zile zote alijua moyoni kwamba mwanawe yu hai.

"Yeye alikuwa na mimi kila siku," akasema. "Nikilima yuko, nikipika yuko. Hakuna siku alitoka." Akaweka mfuko mikononi mwangu. "Lakini huyo wa moyoni hali chakula, Mwalimu. Unampikia, chakula inabaki."

Basi lilikuja, nikapanda na mfuko wa karanga mapajani.

Nilikwenda Butula kujua kipi kilitangulia, nami mpaka leo nasema udongo, na Perpetua mpaka leo anasema mawazo. Nililojifunza si kubwa kama swali lenyewe. Niliona jinsi mama mmoja alivyokaa na mwana asiyeonekana miaka yote ile, mwana mzima kabisa, asiyepungukiwa na kitu isipokuwa mwili, na nikaona jinsi alivyouhesabu huo mwili kwa mikono ulipokuja.

Nilipofika Kakamega sikushuka kwenye basi. Likizo ilikuwa bado, nikaendelea hadi Kisumu, nikakata tiketi ya gari la moshi. Mama yangu alifungua mlango kule Mombasa akashtuka, akauliza kuna nini, mbona sikuandika kwamba naja. Nikamwambia hakuna kitu, nina njaa. Alinitazama kidogo, akanishika shavu, akaenda kuwasha jiko.